Siku saba nikiifuata reli iliyong'olewa: Lindi, Nachingwea, Mtwara

Nimerudi wiki mbili zilizopita na madaftari mawili yaliyokolea vumbi jekundu, picha mia nne na ushee kwenye simu, na kikohozi cha salfa, ule unga wa kupuliza mikorosho, ambacho hadi leo hakijaniacha. Ninayoyaandika hapa nimeyaunga kutoka humo. Mwandiko wangu wa garini hausomeki hata na mimi mwenyewe, kwa hiyo mahali pengine nimetegemea picha.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa historia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Ninatafiti reli ya kusini, ile ya wakati wa mradi wa karanga. Kwa asiyeifahamu habari hii: baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanza kulima karanga Tanganyika. Shabaha yao ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta yaliyoachwa na jeshi huko Ufilipino, wakavigeuza vifaru vya Sherman kuwa mashine za kusafisha pori. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa sakafu, mvua haikuja kama walivyopiga hesabu, mizizi ikavunja majembe. Januari 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga reli na bandari mpya ya kina kirefu, Mtwara. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949, bandari ikafunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimeshakufa miaka mitatu. Miaka ya 1960 ilipoanza tu, reli ikafungwa, kisha ikang'olewa.

Mimi nimezaliwa Urambo. Nimekulia kwenye tumbaku, zao lililoingia kwenye mashamba yale yale baada ya karanga, na utoto wangu wote nilidhani zile sakafu za zege porini ni makaburi ya Wazungu.

Safari hii ilitokana na sentensi moja ya msimamizi wangu, aliyoiandika pembeni ya sura ya tatu: "Humu mbona hakuna watu?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua tena nakala zangu za majalada ya Nyaraka za Taifa pale Upanga: makisio, vipuri, malalamiko kuhusu vipuri, barua ya kukumbushia barua ya malalamiko kuhusu vipuri. Waliobeba mataruma wametajwa kwa idadi tu. Nikakata tiketi.

Jumatatu, 15 Julai 2024. Dar es Salaam – Lindi

Mabasi ya kusini yanaondokea Mbagala Rangi Tatu. Tiketi ilisema saa 12:00 asubuhi na nauli ilikuwa 30,000. Tuliondoka saa 1:20, konda akiapa kila dakika tano kwamba "ndiyo tunatoka". Nilikaa na mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Mchinga, aliyekuwa na ndoo ya maandazi mapajani na akaanza kunilisha kabla hatujafika Vikindu.

Darajani Rufiji alinigusa bega nitazame nje. Daraja la Mkapa lina mita 970 na basi linalivuka kabla hujamaliza andazi. Yeye anakumbuka kabla ya 2003, enzi za kivuko cha Ndundu: "Tulikuwa tunalala hapa, mwanangu. Siku mbili, siku tatu, maji yakijaa hata wiki. Watoto wamezaliwa hapa wakisubiri pantoni." Nikaandika. Hii nayo ni historia ya usafiri wa kusini na haikuwamo kwenye mpango wangu.

Somanga tukashuka kula. Samaki wa kukaanga na mihogo, 5,000, na ukichelewa unabakiwa na vichwa. Mbele ya hapo barabara ilikuwa bado na michepuko pale maji ya Mei, wakati wa kimbunga Hidaya, yalipoikata. Basi linashuka kwenye kifusi likiyumba kama jahazi, abiria wote kimya. Baada ya Nangurukuru nililala.

Lindi saa 10 jioni. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu: Julai ni msimu wa minada ya ufuta, na wanunuzi wamejaa kila gesti. Nilibisha hodi nne. Mama wa Mchinga, ambaye alipaswa kuwa ameshapanda gari la kurudi kwao, alikuwa bado amesimama stendi akinitazama. Akapiga simu. Nusu saa baadaye nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mpwa wake, mtaa wa pili kutoka ufukweni, nikila wali wa nazi na pweza. Walikataa hela. Asubuhi niliacha kilo mbili za sukari jikoni nikatoka haraka kabla ya kurudishiwa.

*Kwa atakayefuata:* ukija kati ya Juni na Agosti weka chumba mapema, kwa simu. Na usimwamini anayekuambia "gesti ziko tele", hata kama ni mimi niliyekuambia hivyo mwaka jana.

Jumanne, 16 Julai. Lindi na Mkwaya

Asiyefanya utafiti nchi hii hajui ngazi hizi, kwa hiyo nitazitaja: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakupa barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye anakupa ya mtendaji wa kata, naye wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayekupeleka kwa mzee. Wakati mwingine mzee anauliza, "Barua ya nini yote hii? Karibu ukae."

Mwaka huu niliamini nimejipanga. Ofisi moja ikanirudisha kwa sababu barua yangu ilitaja mikoa miwili kwenye karatasi moja, na kila mkoa unataka yake. Nikaenda dukani kwa wachapishaji, nikapigiana simu na chuo hadi saa 6, nikachapisha nakala 15 kwa shilingi 500 kila moja. Niliporudi, mwenye kusaini alikuwa ametoka. "Njoo kesho asubuhi, dada." Sauti ilikuwa ya upole kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mchana ulikuwa wangu, basi. Nikamkodi bodaboda hadi Mkwaya, kwenda na kurudi 20,000, kupitia Mingoyo. Huko ndiko ilikoanzia reli yenyewe kabla Mtwara haijawa bandari: meli zilipakuliwa gatini ndani ya hori la Lindi, mzigo ukapandishwa kwenye mabehewa. Mahali pamezungukwa na mikoko na penye harufu ya tope la chumvi. Nilizunguka na ramani yangu ya zamani kwa saa nzima bila kuona kitu. Kijana aliyekuwa akitengeneza wavu akaniangalia wee, mwishowe akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia gati.

"Umekuja maji yamejaa. Lipo hapo chini. Subiri yapwe."

Tukasubiri. Alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Maji yalipoanza kurudi nyuma zikajitokeza ncha za chuma, moja, tatu, saba, zimevaa chaza kila upande. Watoto walizikimbilia wakafunga mitumbwi. Kijana alisema babu yake alikataza kuogelea pale kwa sababu zinachana miguu; hakuwahi kuambiwa ni za nini. Nilipomweleza habari za karanga alicheka sana: meli zote zile, kwa ajili ya karanga?

Gesti yenye chumba niliipata jioni, 25,000. Feni ilikuwepo, umeme ulikuja saa 4 usiku.

Jumatano, 17 Julai. Lindi – Nachingwea

Saini saa 5. Noah hadi Masasi 10,000, watu kumi na mmoja na jogoo mmoja. Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda, na pembeni mikorosho mwendo wote. Kutoka Masasi hadi Nachingwea 6,000, sehemu kubwa vumbi. Niliingia gizani nikiwa na rangi ya tofali. Chumba 20,000, maji ya ndoo, mwenye gesti akanipashia moto bila kuombwa.

Alhamisi, 18 Julai. Nachingwea

Wilayani nilimaliza kila kitu kwa dakika ishirini. Nalitaja kwa sababu tunalalamika tu, hatusifu.

Nachingwea ukiitazama vizuri utaona imepimwa na mtu aliyetegemea mji mkubwa. Barabara pana zilizonyooka, uwanja wa ndege, sakafu za zege ambazo nyumba zake hazipo. Watu hapa wanajua zaidi habari za wapigania uhuru wa Msumbiji kuliko za karanga, na wana haki: FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapa, kwenye shamba ambalo hadi leo linaitwa Farm 17. Namba hiyo ni ya mashamba ya karanga. Kambi ya ukombozi ilirithi jina la shamba lililoshindwa. Kongwa nayo ilipata majaliwa hayohayo. Nimeshamwambia msimamizi hiyo ni tasnifu ya mtu mwingine. Mimi nabaki na reli.

*Tahadhari:* kuna maeneo ya jeshi huku. Kabla hujatoa simu kupiga picha ya jengo lolote la zamani, muulize mwenyeji. Mimi niliuliza kila mara na sikupata tatizo.

Mtendaji wa kata alinitambulisha kijijini kama "daktari kutoka Chuo Kikuu". Nilijaribu kusahihisha. Kabla sijamaliza, bibi mmoja alikuwa ameshavuta kanga kunionesha goti. Nilimwambia mimi bado mwanafunzi, na hata nikimaliza nitakuwa daktari wa mambo ya kale. Akasema, "Na goti hili ni la kale." Sikuwa na jibu.

Mzee niliyemfuata ana miaka tisini na mbili kwa hesabu yake, kwa maana alikuwa "kijana wa kuanza ndevu" reli ilipofika. Tulimkuta chini ya mkorosho, redio ndogo sikioni. Mjukuu wake alikuwa amerudi tu kupuliza salfa shambani, wa njano kuanzia nyusi hadi viatu, na kila alipokung'uta shati sote tulikohoa.

Nikamwamkia, nikajieleza, nikasema kwetu ni Urambo. Akainua kichwa.

"Unyamwezini?"

"Ndiyo, babu."

"Mnyapara wetu alitoka kwenu huko. Alitutesa sana yule." Akageuka kwa mjukuu: "Huyu atalipa." Faini ikapangwa papo hapo, kilo mbili za sukari na miche miwili ya sabuni. Bahati nzuri nilikuwa navyo kwenye mkoba, kwa sababu ndivyo ninavyopeleka siku zote. Alipoviona akasema nimekiri kosa.

Alizungumza saa mbili na robo. Nikitoa machache: vipande vya reli vilibebwa na watu mabegani, mstari mmoja, na aliyekuwa mfupi katikati ya warefu alifurahi kwa sababu habebi kitu hadi mnyapara amwone. Ikifika saa 7 mchana chuma huwezi kukishika. Walifunga majani mikononi. Kulikuwa na wimbo wa kutupa reli chini kwa pamoja, na anayekosea mdundo anavunjika kidole cha mguu. Alinionesha chake. Nilimwomba auimbe. Aliuanza, akasahau mstari wa tatu, akakasirika, akamfokea mjukuu aliyekuwa hajafanya lolote.

Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa daftarini. Reli ilipofungwa na serikali kuamua ing'olewe, walikuja kumtafuta yeye na wenzake tena.

"Walitaka wanaojua kufungua. Nani anajua kufungua kuliko aliyefunga? Kufunga nililipwa, kufungua nililipwa. Kazi moja, mishahara miwili. Umewahi kupata wewe na usomi wako?"

Sijawahi.

Nilimuuliza kama aliona uchungu. Swali la kijinga, nalisikia nikirudia kusikiliza rekodi. Akanyamaza, redio ikaimba kidogo, halafu akasema uchungu ulikuwa kwa wenye ufuta, maana walirudi kubeba kichwani. Yeye alikuwa na mshahara wa miezi mingi, akanunua baiskeli.

Mwishoni akaniuliza yeye. "Kwenye hayo makaratasi ya Dar es Salaam, mimi nimo?"

Nikamweleza ukweli: wamo wahandisi, wakuu wa wilaya, wamo hata wauza mbao. Vibarua wamo kama namba.

"Namba yangu ipi?"

Nikasema sijui, babu. Akamwita mjukuu alete korosho.

Wakati wa kuaga ndipo nilipoona fuawe. Nyuma ya nyumba, pale mjukuu anaponyooshea rimu za baiskeli na kugonga majembe, kimelala kipande cha reli cha urefu wa mkono mmoja, uso wake unang'aa kwa nyundo. Ubavuni mwa reli kiwanda huacha chapa: jina, uzito, mwaka. Nikapiga magoti. Kutu na grisi, hakuna kilichosomeka. Mjukuu akaahidi kukisugua kwa mafuta ya taa, atanitumia picha.

Macho yakishafunguka yanaona kila mahali. Jioni ile, kijijini tu: shule ya msingi, kengele yake ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, mtoto anakigonga kwa bolti kubwa ambayo nayo, naapa, ni ya reli. Mlango wa kanisa dogo, kizingiti cha reli. Kijito, vipande viwili sambamba na mbao juu yake, pikipiki zinapita. Jalada linasema "imeondolewa". Kwa kweli sehemu yake ilihama tu, ikapata kazi nyingine, na hakuna aliyeandikiwa barua.

Ijumaa, 19 Julai. Tuta, na matanga

Mpango wa siku: kufuata tuta la reli kuelekea mashariki na bodaboda (45,000 kutwa, mafuta yake), kisha adhuhuri kumhoji mzee aliyekuwa mpiga bendera wa stesheni. Nilizungumza naye kwa simu mwezi Juni. Sauti nzito, mcheshi, alisema ana kofia ya kazi ataivaa tupige picha.

Tuta lenyewe linapendeza kulipanda asubuhi. Limeinuka kuliko mashamba, limenyooka, na wanakijiji wamelifanya njia ya baiskeli kwa sababu halijai maji masika. Kalavati ziko imara. Pancha mbili, ya pili ilizibwa na kijana aliyekataa malipo ila akaomba nimpige picha na pikipiki ambayo si yake.

Tulipofika kwa mpiga bendera tuliona watu wengi na turubai. Dereva akazima injini kabla sijasema kitu.

Alifariki Jumanne, siku niliyokuwa nasubiri saini Lindi. Alizikwa Jumatano. Siku ile ilikuwa ya kuondoa matanga.

Nilisimama njiani na mkoba wangu wenye kinasa sauti, betri za akiba na fomu za ridhaa nakala tatu, nikajisikia vibaya kwa namna ambayo sijui kuieleza. Sehemu ya ubongo ilikuwa inapiga hesabu: angeniona kama ningeanzia kwake... Niliinyamazisha. Nikajitanda kanga, nikatoa rambirambi 10,000, nikaingia upande wa wanawake nikakaa mkekani. Nilijitaja mimi ni nani na kwamba marehemu alikuwa ananisubiri. Dada yake, bibi mkubwa wa pale, akasema, "Alituambia. Alisema anakuja mtoto wa chuo kuchukua maneno." Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini.

Nikala ubwabwa. Nikaosha vyombo, maana huwezi kukaa tu. Na tukiwa kisimani, mikono kwenye majivu, ndipo wale bibi walipoanza kuzungumza wao kwa wao, kuhusu marehemu, kuhusu stesheni, kuhusu kambi za vibarua na nani aliwapikia, nani aliwauzia, nani aliolewa na nani na akarudi na nini. Saa nzima. Miaka mitatu nimesoma habari za reli ile na sikuwahi kufikiria kuuliza nani alipika.

Kinasa sauti kilibaki mkobani, kimezimwa. Baadaye nikamwendea bibi mkubwa, nikamwambia niliyoyasikia ni ya thamani kwa kazi yangu, je naweza kuyaandika? Alifikiri. Akasema msibani watu husema mengi. Nije baada ya arobaini, tukae vizuri, kila mtu aseme analotaka kulisema. Arobaini inaangukia mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo hayo siyaandiki hapa, wala hayamo kwenye sura ya tatu. Moja tu aliniruhusu kuondoka nalo, kwamba usiku wa treni ya mizigo wanawake walikuwa wanatembea juu ya tuta hili hili, mstari, kila mmoja na koroboi yake, kupeleka vyakula stesheni, na ukiwa mbali ungedhani treni imeshafika.

Tulirudi tukipita juu ya tuta. Dereva hakusema neno hadi mjini, na aliponishusha akapunguza 5,000. Nilimrudishia. Akaikataa. Tukazinunulia soda.

*Kwa wanafunzi wenzangu:* anza na waliozeeka zaidi, hata kama wako mbali zaidi. Mimi nilipanga ratiba kwa urahisi wa barabara. Na usimlipe mtu kwa mahojiano. Peleka sukari, sabuni, majani ya chai, kama unavyoingia kwa mkubwa yeyote. Zangu zilinigharimu 24,000 safari nzima.

Jumamosi, 20 Julai. Nachingwea – Mtwara

Masasi tena (6,000), kisha Mtwara (12,000). Simu ilikuwa imejaa, nikatumia njia nzima kuhamishia picha kwenye kadi.

Mtwara ndiyo sehemu pekee ya mradi ule iliyobaki inafanya kazi iliyojengewa. Bandari ipo, meli zinaingia, korosho zinatoka. Mji nao una barabara pana ajabu; unatoka Ligula kwenda Shangani unajiona kama umechelewa paredi. Sikuruhusiwa kuingia gatini bila barua nyingine, na sikuwa na nguvu ya barua nyingine. Nikakaa ufukweni nikala ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini wanayouza kina mama kwa mafungu, ya 1,000 inatosha chakula cha jioni. Ladha yake ni kati ya kiazi na muhogo. Mwenyeji akikusikia ukisema hivyo anachukia.

Gesti 30,000. Nilikaa macho hadi saa 7 usiku nikiandika maelezo ya Ijumaa yote niliyoweza kuyakumbuka, kisha nikachana kurasa nne.

Jumapili, 21 Julai. Mtwara – Dar es Salaam

Nauli 35,000, kuondoka saa 12:00 kamili (kweli), Mbagala saa 2 usiku. Hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba Somanga safari hii nilipata vichwa.

Hesabu, kwa anayetaka: nauli za mabasi na Noah 99,000, bodaboda 65,000 (zile soda hazihesabiki), malazi 115,000, chakula kama 84,000, zawadi 24,000, rambirambi 10,000, kuchapisha barua 7,500. Jumla 404,500. Posho yangu ya utafiti ya mwezi ule ilikuwa haijaingia, na hadi naandika bado.

Tangu nirudi nanukuu rekodi ya babu. Saa moja ya sauti inakula karibu siku nzima ya kazi, hasa mtu anapofoka katikati ya wimbo. Upanga nimeshakwenda mara mbili kuomba jalada ambalo huenda lina orodha ya malipo ya vibarua. Mara ya kwanza lilikuwa mikononi mwa msomaji mwingine, mara ya pili mhudumu alirudi na jalada la mkonge.

Jana usiku mjukuu ametuma picha ya ile fuawe. Ameisugua kweli, inang'aa. Chapa ipo, naona herufi mbili na kitu kama tarakimu, lakini kwenye kona kimeingia kidole cha mtu mzee, chenye kucha nene, kinaonesha mahali pa kutazama na kimeuziba mwaka. Nimemwomba apige nyingine mchana.